Sauti Ukingoni mwa Mkanda: Tatizo la Kuhifadhi Sinema Zilizosimuliwa kwa Kiswahili

Kata ya Bombambili, katika Manispaa ya Songea, ina jina ambalo mwalimu wa sarufi angelisahihisha. Nomino bomba, kwa mujibu wa vitabu, imo katika ngeli ya LI-YA: bomba moja, mabomba mawili. Jina la kata halikungoja vitabu. Lilifuata kinywa, na ramani ikalifuata jina, hata umbo la mazungumzo likapata makao ya kudumu katika barua za serikali. Ni bahati ambayo maneno machache ya kawaida huipata. Usemi mwingi wa Kiswahili wa miongo ya mwisho ya karne ya 20 haukuandikwa na mtu. Sehemu yake kubwa ilinaswa katika kaseti za video, na kaseti hizo sasa zinakufa.

Historia ya kaseti hizo Tanzania Bara ina mpangilio wa kipekee. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, ilhali Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Lakini mfumo wa VHS, ulioanzishwa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, haukuhitaji kituo. Ulihitaji runinga, deki na umeme. Kwa hiyo katika miji mingi ya Bara video ilitangulia televisheni, na kibanda cha video kikawa jumba la sinema la watu wasio na jumba la sinema. Songea iko takribani kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na hadi mwaka 2018, gridi ya taifa ilipofika kwa njia ya Makambako, mji ulitegemea zaidi mitambo ya dizeli. Jambo la umeme litarudi hapa chini, kwa kuwa limeacha alama zake ndani ya mikanda.

Filamu zilizoonyeshwa zilikuwa za Kihindi, za Hong Kong, za Marekani na baadaye za Nijeria. Watazamaji walizifuata kwa macho, na lugha ikabaki kuwa ukuta. Hapo ndipo msimulizi alipopata kazi. Aliketi na maikrofoni, akatafsiri, akafafanua, akatania, akawapa wahusika majina ya mtaani na kuwakemea kwa niaba ya hadhira. Walio mashuhuri katika kazi hiyo Dar es Salaam ni Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, na DJ Mark. Usimulizi wa Lufufu wa filamu ya Kinijeria iitwayo Karishika umechunguzwa kitaaluma na mwanaanthropolojia wa Kijerumani, Matthias Krings. Uganda wasimulizi wa namna hii wanafanya kazi kwa Kiganda, na Kenya DJ Afro amejipatia hadhira kubwa kwa Kiswahili.

Sauti inayosemwa juu ya picha ya watu wengine haikuanza na video. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa kikoloni wa filamu za elimu, uliokuwa na makao yake Vugiri karibu na Korogwe, ulitengeneza takribani filamu 35 zilizoonyeshwa kwa maelezo ya lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, yaliyorekodiwa kwenye santuri kando ya filamu yenyewe. Filamu tatu tu kati ya hizo zinajulikana kuwa zimesalia. Katika mpango ule picha na sauti zilikaa vyombo viwili, na chombo kimoja kilipopotea kile cha pili kilikuwa bubu.

Katika kaseti ya VHS picha na sauti zimo pamoja, lakini hazikai mahali pamoja. Mkanda una upana wa milimita 12.7. Picha huandikwa kwa mistari ya mshazari katikati, na hedi zilizo kwenye gurudumu linalozunguka mara 25 kwa sekunde. Sauti ya kawaida huandikwa kwenye ujia mwembamba, wa takribani milimita moja, uliopo ukingoni kabisa. Ukingo ndio unaokunjika deki inapoutafuna mkanda, ndio unaosugua ganda la kaseti, ndio unaopata ukungu mwanzo. Tena katika mfumo wa PAL mkanda huo husogea kwa milimita 23.39 tu kwa sekunde, na nusu ya hapo mtu akichagua kurekodi kwa mwendo wa polepole ili kaseti ya saa tatu ibebe saa sita. Mwendo ukipungua, sauti za juu hupungua nazo. Kila nakala inayotolewa katika nakala nyingine hupunguza tena.

Hasara hii si ya masikio tu. Konsonanti kama s, sh, f na th hutambulikana kwa mivumo ya juu, ile ile inayotangulia kufutika. Mtafiti anayetaka kujua kama msimulizi alisema dhambi au zambi, thamani au samani, anaweza kukuta mkanda umemnyima jibu, nalo ni swali lenye uzito katika historia ya Kiswahili cha mijini. Programu za kompyuta za kuondoa mvumo huongeza tatizo, kwa kuwa hazitofautishi kwa uhakika kati ya mchakacho wa mkanda na mchakacho wa s.

Kuna mtego mwingine. Deki za Hi-Fi ziliandika sauti ya pili chini ya picha, na baadhi ya deki ziliruhusu sauti mpya iandikwe kwenye ujia wa ukingoni bila kuigusa ile ya chini. Iwapo usimulizi uliingizwa kwa njia hiyo, kaseti moja ina filamu mbili: ya Kiingereza chini, ya Kiswahili ukingoni. Deki ya Hi-Fi ikiachwa ijichagulie, itatoa sauti ya chini. Anayehamisha mkanda huo kwenye kompyuta bila kubadili swichi atapata picha njema na Kiingereza safi, na ataandika katika daftari lake kwamba Kiswahili hakimo.

Mashabiki wa filamu nchi za nje wamepiga hatua kubwa katika ufundi huu. Petr Harmáček wa Jamhuri ya Cheki aliunganisha vyanzo vingi ili kurudisha Star Wars ilivyoonyeshwa mwaka 1977, na wengine wameunda vhs-decode, programu inayopokea mawimbi ghafi kutoka kwenye hedi na kuacha kompyuta ifanye kazi ya saketi za deki. Ujuzi huo unafaa kuazimwa, ila kwa tahadhari. Shabiki hutafuta filamu ya kwanza, na kila kilichoongezwa baadaye kwake ni taka. Kwa Kiswahili kilichoongezwa ndicho kitu chenyewe. Titanic iliyo safi inapatikana dukani.

Mfano ulio wazi ni wa kasi. Filamu ya sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini katika PAL huchezwa kwa 25. Filamu ya dakika 100 hupita kwa dakika 96, na sauti za waigizaji hupanda kidogo. Mrekebishaji makini huipunguza kasi ili kuwarudishia waigizaji sauti zao. Lakini msimulizi alisema kwa kasi yake mwenyewe juu ya picha iliyokwisha kuharakishwa. Ukiwasahihisha waigizaji, yeye unamharibu: usemi wake unakuwa mzito na wa polepole kwa asilimia 4, na vipimo vyote vya fonetiki vinapotoka. Mkanda mmoja hauwezi kuwa sahihi kwa pande zote mbili. Inafaa uachwe ulivyo, na marekebisho yafanywe kwenye nakala.

Sasa umeme. Umeme ukikatika deki ikiwa inacheza, mkanda hubaki umezungushwa kwenye gurudumu la hedi mpaka umeme urudi, pengine kesho yake. Mkunjo unaobaki hapo huonekana baadaye kama mstari unaopita kwenye picha na sauti inayomezwa. Mji wa dizeli na mgao una mikunjo mingi. Tena Songea ipo zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake za Desemba hadi Aprili huleta unyevu unaootesha ukungu mweupe kwenye mkanda uliofungiwa kabatini. Mkanda wa namna hiyo hauchezwi kabla ya kusafishwa, maana ukungu huhamia kwenye hedi na kutoka hapo kwenye kila mkanda unaofuata.

Kabati hizo hazina sinema tu. Zina harusi, ipaimara, misiba na ngoma ya lizombe, zilizopigwa kwa kamera za kukodi. Katika mikanda ya aina hii wazee wa Kingoni huanza hotuba kwa Kingoni, wakahamia Kiswahili kwa ajili ya wageni, na kurudi walikotoka inapofika zamu ya kuonya maharusi. Maandishi ya kanisa na ya serikali hayana ushahidi wa mabadilishano hayo.

Katikati ya miaka ya 2000 familia nyingi zilihamishia mikanda kwenye VCD na kuitupa. VCD hutunza picha ya nukta 352 kwa 288, yaani nusu ya mistari ya picha ya awali, ila sauti huitunza vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kwa mwanaisimu diski hizo bado ni mali, mradi rangi yake ya ndani haijafifia. Maktaba kwa upande wake ina sababu ya kuogopa kuzipokea kaseti za kusimuliwa: nyingi zilitolewa bila ridhaa ya wenye filamu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haina jina la kumwita msimulizi asiye na kibali.

Kampuni ya Funai, ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, ilifunga kazi hiyo Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha walitoa tahadhari kuhusu mikanda yote ya sumaku, mwaka 2025 ukitajwa kuwa ukomo. Mwaka huo umepita. Vipuri sasa hutoka katika deki mbovu, na anayejua kubadilisha mpira wake au kuzisafisha hedi zake kwa spiriti ni fundi wa redio aliyejifunza kazi hiyo wakati vibanda vilipokuwa wazi.