Vipindi Tulivyovichukia

Televisheni ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1973, nayo huhesabiwa kuwa ya mwanzo kurusha picha za rangi katika Afrika kusini mwa Sahara. Wenzetu wa Tanzania Bara walingojea vituo vyao hadi mwaka 1994. Aghalabu historia huishia kwenye fahari hiyo, isitueleze watoto tulikuwa tukitazama nini.

Kituo kilikuwa kimoja, na waliokuwa na chombo walikuwa wachache. Baada ya Magharibi tulikwenda kwa jirani, tukaketi mkekani, wakubwa nyuma yetu. Sisi tulisubiri katuni na senema. Kilichotangulia kilikuwa hotuba na taarifa ya habari. Tulivichukia vipindi hivyo. Lakini aliyeinuka alipoteza nafasi yake, na aliyenong'ona alikaripiwa.

Basi tulisikiliza. Humo ndimo nilimojifunza namna sentensi ndefu inavyofungwa bila ya kupotea njia, na neno linavyotamkwa kwa heshima yake. Sikupita chuo kikuu. Tafsiri zangu zote zimesimama juu ya msingi huo wa uchovu.

Leo mtoto hukiondosha kwa kidole asichokipenda. Sitamani turejee kwenye kituo kimoja, kwani anayekuchagulia cha kutazama hukuchagulia pia cha kutokijua. Ila nauliza, ndugu msomaji: Kiswahili kisichompendeza mtoto mara ya kwanza, atakisikia wapi mara ya pili?