Mistari ya Müller-Lyer na Jicho Linalozoea

Mwaka 1889 Mjerumani Franz Carl Müller-Lyer alichapisha mchoro wa mistari miwili yenye urefu uleule. Mmoja una vichwa vya mshale kwenye ncha zake. Wa pili una mabawa yaliyofunguka kuelekea nje. Mtazamaji huuona wa pili kuwa mrefu zaidi, na hata akishaipima kwa rula bado huiona hivyo.

Mchoro huo haukubaki maabarani. Mwaka 1898 Mwingereza W. H. R. Rivers aliwapima wenyeji wa visiwa vya Torres Strait, kaskazini mwa Australia, akakuta kwamba hawakudanganyika kama Waingereza. Mwaka 1966 Segall, Campbell na Herskovits walitoa kitabu chenye vipimo vya jamii nyingi, wakiwamo Wasonge na Wasuku wa Kongo. Watu wazima wa Evanston, Marekani, walikuwa miongoni mwa waliodanganyika zaidi. Waandishi walieleza kwamba aliyekulia kati ya nyumba za pembe mraba huzoea kuichukua pembe kuwa dalili ya umbali. Maelezo hayo yalikuwa na sifa moja angalau: yaliiweka tofauti katika mazingira, si katika damu.

Hata hivyo, kuna majaribio mengine ambayo wasomaji wa kitabu hicho huyasahau. Mwaka 1902 Mmarekani Charles Judd alionyesha kwamba mtu akiupima mchoro huo mara nyingi, kosa lake hupungua hadi karibu kutoweka. Köhler na Fishback walilirudia jambo hilo mwaka 1950. Mwaka 1968 Festinger na wenzake waliona kwamba kosa hupungua zaidi macho yanaporuka kutoka ncha hadi ncha kuliko yanapotulia mahali pamoja.

Basi tarakimu iliyoandikwa mbele ya jina la kabila inapima nini? Kwa maoni yetu, inapima pia ugeni wa mchoro machoni pa mtazamaji, na muda aliopewa kuutazama. Hatusemi kwamba tofauti zilizopatikana ni za uongo. Tunakataa tu kuzisoma kama sifa ya kudumu ya watu fulani, maana ni kipimo cha mitazamo ya kwanza. Msonge na mkazi wa Evanston wangepimwa tena baada ya majaribio mia moja, ndipo tungejua kama umbali kati yao umebaki, na kosa la nani limekwisha upesi.