Maktaba ya watu wanaokuja na vitabu vyao

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba unaishi Segerea, swali la kwanza ni hili: "Umetoka lini?" Gereza limetupa umaarufu, tumeshazoea. Ila leo sizungumzii gereza. Nazungumzia maktaba.

Nilipokuwa kidato cha sita nyumbani tulikuwa watu saba katika vyumba viwili, na redio ya jirani ilikuwa kama mtu wa nane. Mama mdogo ndiye aliyeniokoa. "Nenda Maktaba Kuu, mwanangu, kule hakuna wa kukutuma dukani." Basi nikawa napanda daladala asubuhi hadi mjini, kwenye jengo lile la Barabara ya Bibi Titi Mohamed.

Kituko cha kwanza nilichokiona: watu wengi walikuja na vitabu vyao! Rafu zimejaa, lakini mezani kila mtu na madaftari yake, na mitihani iliyopita. Wengine ni watu wazima wenye kazi zao, wanapiga msuli wa mitihani ya uhasibu. Mmoja kalala juu ya daftari, na jirani yake anamgusa taratibu kabla hajaanza kukoroma. Nami nilikuwa na madaftari yangu, nikidhani naiibia maktaba.

Nimeshaanza kazi ya uandishi ndipo nikajisomea historia ya jengo lile. Kabla ya Uhuru vitabu vya umma havikuwa vya kila mtu. Pale Nairobi maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi 1958. Huku kwetu, sheria ya kuanzisha huduma za maktaba Tanganyika ilitungwa 1963, na bodi yake ikaanza kazi 1964. Maktaba Kuu ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, miezi kumi tu baada ya Azimio la Arusha.

Hebu fikiria. Mwaka ule zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Nchi haina fedha, ina mahitaji chungu nzima, halafu serikali inajenga nyumba ya vitabu! Mtu mwenye haraka angesema ni anasa. Kumbe walikuwa wanawajengea wasomaji ambao bado hawajapatikana. Miaka mitatu baadaye, 1970, Mwalimu akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima.

Sheria nyingine ya 1975 ikaunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania tunayoijua leo, na ikawataka wachapishaji wapeleke nakala za machapisho yao. Kwa hiyo lile jengo ni ghala la kumbukumbu pia. Siku mhariri aliponituma kutafuta habari ya zamani, nilirudi palepale, safari hii bila daftari la mtihani. Kumbe habari ikishafungiwa vitumbua mtaani, nakala yake inaweza kuwa imetunzwa mahali. Tangu siku hiyo nahakiki majina ya watu mara mbili.

Sasa nirudi kwenye kituko changu. Tunapenda kusema ukitaka kumficha Mtanzania kitu, kiweke kwenye kitabu. Jamani, wanaosema hivyo hawajafika pale karibu na mitihani. Watu wanatoka Segerea, Mbagala na Gongo la Mboto kwa nauli mbili, njaa ikiwauma, kutafuta kiti tu. Hao hawasomi?

Wanachokosa ni meza, mwanga na ukimya, na hivyo haviazimwi kwenda navyo nyumbani. Waliojenga 1967 walifikiria vitabu. Sisi tukaona na viti. Sidhani kama tuliiibia maktaba. Tuliitumia kwa shida tuliyokuwa nayo.

Ila miaka zaidi ya hamsini imepita, na mtoto wa Segerea bado anapanda daladala kwenda kutafuta ukimya mjini. Kwenye mtaa wangu naona baa, fremu za maduka na nyumba za ibada zikiongezeka kila mwaka. Chumba kimoja chenye meza ishirini na taa kingetushinda kweli?

Siku kikijengwa, labda tutaanza kuulizwa swali jingine: "Umesoma nini?"

Nawasilisha.