Jua la Kwingine

Shangazi yangu ana miaka 14 Minneapolis. Mwaka jana alinunua nyumba Riruta, ya ghorofa moja, paa la mabati, katikati ya nyumba nane zinazofanana kama mayai kwenye trei. Hajawahi kulala humo hata usiku mmoja. Anayelala humo ni mama yake, yaani Shosho wangu, aliyetoka Nyeri na Biblia, jiko na blanketi zito.

Kufika mwezi wa tatu, bei ya tokeni za stima ilikuwa imemtoa Shangazi jasho. Akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. "Wewe uko hapo karibu, na hakuna mahali unaripoti asubuhi. Hiyo nyumba iache kunywa stima. Madirisha yawe ya vioo viwili, kuta zijazwe sufu ya kioo, paneli za sola kumi na betri. Uliza bei, unitumie."

Wacha niseme ukweli. Shangazi ndiye aliyenilipia karo nikisoma historia, mpaka nikaacha chuo mwaka wa pili. Hakunigombeza. Alinyamaza tu, na afadhali angenigombeza. Tena kila ukoo una hadithi ya jamaa aliyetumiwa pesa za ujenzi akawa anatuma picha za nyumba ya jirani. Mwaka wa 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, nami sikutaka hata moja ipotelee mikononi mwangu.

Muuzaji wa kwanza alinipa bei ya kila kitu bila kuuliza nyumba inaangalia upande gani. Hapo nikashtuka. Nikafanya kitu kimoja nilichofunzwa kabla sijaacha masomo: kuuliza nani alijenga hapa kabla yetu, na alikosea wapi.

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli kwenye kinamasi. Wazungu walichukua miinuko ya magharibi, Waafrika wakasukumwa mashariki. Ukifikiria, walowezi nao walikuwa watu wa ughaibuni wanaojenga nyumba, na jua liliwatisha ajabu. Walivaa kofia za tabaka mbili na vitambaa vya kukinga uti wa mgongo. Wengine hawakuvua kofia hata wakiwa ndani, kwa kuamini kwamba miale ya jua inapenya mabati. Lakini hao hao waliweka mahali pa kuotea moto sebuleni, na hapo hawakukosea. Muulize yeyote aliyeoga Kawangware alfajiri ya Julai. Kofia waliitoa kwenye mafundisho ya madaktari wa kwao. Moto waliufikia baada ya kutetemeka wenyewe.

Aliyenifungua macho zaidi ni Ernst May, msanifu wa Kijerumani. Kati ya 1925 na 1930 alisimamia ujenzi wa mitaa mipya Frankfurt, ambako nyumba zilipangwa ili kila familia ipate jua. Wanazi walipochukua nchi hakuweza kurudi kwao. Mwaka wa 1934 akaja Tanganyika, akalima, kisha akafanya kazi ya usanifu hapa Nairobi. Ilimbidi ageuze hesabu yake yote: badala ya kulifukuzia jua, atafute kivuli na upepo.

Ukiwa mjini, inua macho. Majengo mengi ya miaka ya 1950 na 1960 yana vibao na viwambo vya zege mbele ya madirisha, kama kope. Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand aliyesanifu Bunge letu, alivipenda sana. Vile vibao vina kazi ya kulizuia jua kabla halijagusa kioo. Kisha panda matatu hadi Westlands uone minara ya vioo inayotazama machweo bila kope, eyasii zikinguruma.

Hesabu yenyewe si ngumu. Minneapolis, jua la saa sita mchana liko kusini mwaka mzima. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hivyo Juni jua linapita kaskazini, Desemba linapita kusini, na adhuhuri haliendi mbali na utosi. Joto linaingilia paa, na jioni linaingilia madirisha ya magharibi. Kujaza sufu kuta zote ni kufunga mlango ambao mwizi hautumii.

Halafu kuna stima yenyewe. Neno hilo lilikuwa jina la meli ya mvuke kabla Wakenya hatujalipa umeme. Tangu 1981 mvuke wa ardhini wa Olkaria unazungusha mitambo, kwa hivyo neno limerudi kwao. Shida ya Riruta haikuwa stima chafu, ilikuwa stima inayomwagwa. Shawa ya stima hula kama wati 5,000, sawa na balbu 500 za wati 10. Hata kanuni za serikali za 2012 zililenga hapo: majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yapashe maji kwa sola.

Nikampigia Shangazi. "Hiyo orodha ni ya nyumba ya huko kwenu," nikamwambia. Akanyamaza, kimya kile kile cha karo. Kisha akauliza, "Na mama anasemaje?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimewauliza Wazungu waliokufa, nikamruka Shosho.

Shosho alicheka. Chumba chake kinaangalia magharibi, jioni kinachoma, kwa hivyo hulala sebuleni. Sebuleni kuna baridi, kwa hivyo huwasha hita usiku kucha. Hita yenyewe alinunuliwa na Shangazi.

Tulianza na kisicho na bei: tukamhamishia chumba cha kaskazini. Fundi akatandaza sufu juu ya dari, chini ya mabati. Dirisha la magharibi likapata kivuli cha nje, na juu ya paa likapanda tangi la kupasha maji kwa jua. Paneli na vioo viwili tumeviacha kwanza.

Julai, mawingu yalipopasuka siku moja, nilimpiga Shosho picha akiwa kitini, jua la kaskazini likiwa limelala miguuni pake. Nikaituma pamoja na risiti zote, hadi ya misumari.

Jibu la Shangazi lilikuwa la sekunde nne. "Risiti nimeziona. Hiyo hita mpe mtu."