Mkono wa Roboti na Rola za Chai: Historia ya Sifuri Moja

Leo nawaletea historia kidogo. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini hapa Roret huwezi kuongea habari za mashine ukaruka chai, basi tuanzie kiwandani.

Chai nyingi ya Kenya hutengenezwa kwa CTC: jani linapondwa, linachanwa na kukunjwa kati ya rola mbili za chuma zenye meno. Mashine hiyo ilibuniwa na William McKercher huko Assam, India, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Rola moja huenda polepole, mwenzake karibu mara 10 zaidi. Meno hukatwa kwa hatua mbili: mifereji inayoizunguka rola, kisha mifereji ya mshazari. Yakiwa butu, jani linaharibika, na mwenye shamba ndiye anayeumia chai ikifika mnadani Mombasa. Ndiyo maana rola hutolewa na kunolewa tena na tena, na kila mkato lazima upimwe kutoka mhimili uleule.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1949 John Parsons wa Michigan alipata kandarasi ya jeshi la anga la Marekani, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu. Kwetu waandika programu, huyo ni babu.

Mkono wa roboti una ukoo mwingine. George Devol aliomba hataza mwaka 1954, na mwaka 1961 Unimate ikaanza kazi katika kiwanda cha General Motors, New Jersey, ikiinua vipande vya chuma vya moto. Yaani mashine ya kuchonga ilizaliwa kustahimili nguvu ya mkato, mkono ukazaliwa mpagazi.

Hapo ndipo shida za leo zinapotoka. Ukichonga upande mmoja, ukageuza kipande na kuchonga wa pili, pande hazikutani. Unabaki na ngazi katikati. Wengi hukimbilia kulaumu programu. Anza na sifuri. Ukipima nukta moja tu, hujui kipande kimeinama kiasi gani, na kosa la nyuzi 0.1 kwa umbali wa milimita 500 ni karibu milimita 0.87. Pima nukta tatu zilizo mbalimbali, mahali ambapo kisu hakitapita. Kisha tazama viungo: mkono ulionyooka hupinda kuliko uliokunjwa, kwa hiyo kila upande una kosa lake. Afadhali kuzungusha kipande kwenye meza, mkono ubaki katika mkao uleule, na mkato wa mwisho uwe mwembamba.

Haya si mambo ya mbali. Mwaka 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho na watu waliohofia ajira zao, na sidhani kama walikosa sababu ya kuhofu. Ila historia hii inanionyesha jambo moja: mkono haujui sifuri iko wapi mpaka fundi auonyeshe. Vijana wetu wakijifunza kupima, kazi hiyo itakuwa yao. Wasipojifunza, ataletwa mtu kutoka mbali.

Nyinyi mnaofanya kazi viwandani, rola zenu zinanolewa na nani? Nasubiri maoni.