Kuvunjika kwa Ukingo

Kuvunjika kwa Ukingo ni picha ya kutundikwa iliyochorwa kwa wino na rangi juu ya hariri, kazi ya msanii asiyejulikana wa enzi ya Song nchini China. Imehifadhiwa katika Makumbusho ya Kasri ya Kitaifa, Taipei.

Inasimulia kisa cha mshauri Zhu Yun, aliyemwomba Kaisari Cheng wa enzi ya Han (alitawala 33–7 KK) upanga ili amkate kichwa Zhang Yu, mwalimu wa kaisari mwenyewe. Kaisari alighadhibika, akaamuru Zhu Yun auawe. Walinzi walipomburuta, Zhu Yun aling'ang'ania ukingo wa baraza hadi ukavunjika. Aliyemwokoa ni jemadari Xin Qingji, aliyegonga kichwa chake chini mpaka kikatoka damu. Baadaye kaisari aliagiza ukingo uungwe tu, usibadilishwe, kwa heshima ya mshauri mkweli.

Konfusio alifundisha kwamba mtumishi asimdanganye mtawala, bali ampinge waziwazi. Mchoraji amelipa fundisho hilo mwili: mikono ya Zhu Yun imekamata mbao, walinzi wanavuta, kaisari ameketi akitazama. Ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko zote pichani.