Chuma kingi mwilini na hepatitisi C

Chuma kingi mwilini ni hali inayowapata baadhi ya wagonjwa wa hepatitisi C sugu, yaani homa ya ini inayosababishwa na virusi vya HCV na kudumu zaidi ya miezi 6. Chuma kinachozidi hujilimbikiza kwenye ini na kuchangia makovu yake. Ndiyo sababu madaktari walijaribu kukipunguza kabla ya kuanza dawa za kupambana na virusi.

Chanzo

Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 3 hadi 4 za chuma, na kwa kawaida hupoteza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku. Kwa kuwa hauna njia maalumu ya kutoa ziada, kiasi chake hudhibitiwa kwenye utumbo na hepsidini, homoni inayotengenezwa na ini. Hepatitisi C hupunguza homoni hiyo, hivyo utumbo hufyonza chuma kingi kuliko kinachohitajika. Pombe, kuongezewa damu mara kwa mara na ugonjwa wa kurithi wa hemokromatosisi huzidisha tatizo.

Vipimo

Kipimo cha kwanza ni feritini, protini inayohifadhi chuma. Hata hivyo, feritini hupanda pia kutokana na uvimbe wa ini wenyewe, kwa hiyo kiwango kikubwa peke yake si uthibitisho. Daktari huangalia pia asilimia ya transferini iliyobeba chuma. Ikizidi 45, uchunguzi zaidi huhitajika. Picha za MRI zinaweza kukadiria chuma kilichomo ndani ya ini.

Kupunguza chuma

Njia kuu ni kutoa damu kwenye mshipa. Mililita 500 za damu huondoa takriban miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwaka 1994 watafiti wa Japani walieleza kwamba vimeng'enya vya ini vilishuka kwa wagonjwa wa hepatitisi C waliotolewa damu. Lakini njia hiyo haiondoi virusi, na damu hiyo haifai kuongezewa mtu mwingine.

Wenye upungufu wa damu, kama wagonjwa wa thalasemia, hawafai kutolewa damu. Hao hupewa dawa za kunasa chuma, kwa mfano deferoksamini, chini ya uangalizi wa daktari.

Mgonjwa hushauriwa kuacha pombe na kutotumia vidonge vya chuma au vya vitamini C bila ushauri wa daktari. Chaza wabichi ni hatari, kwa kuwa bakteria Vibrio vulnificus hustawi kwenye damu yenye chuma kingi. Mjamzito aliyeandikiwa vidonge vya chuma asiviache kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya.

Mabadiliko ya tiba

Zamani tiba ilitegemea interferoni na ribavirini. Ribavirini huvunja chembe nyekundu za damu, na hivyo kuachilia chuma zaidi. Tangu sofosbuviri iidhinishwe Marekani mwaka 2013, dawa za kumeza kwa wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Kwa sababu hiyo, kwa kawaida tiba haicheleweshwi ili kusubiri chuma kipungue. Mara nyingi feritini hushuka yenyewe virusi vikishaisha. Isiposhuka, hutafutwa chanzo kingine.